Kuyafuata Maji ya Zaghouan Hadi Karthago: Siku Sita Nchini Tunisia

Nimerudi Unguja wiki tatu zilizopita. Simulizi hii nimeiunganisha kutoka kwenye daftari dogo ambalo kurasa zake za katikati zililowa mvua, pamoja na picha zangu na za mpwa wangu, ambaye anasoma Tunis na ndiye aliyenishawishi kwenda. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya mabomba ya maji kwa miaka 31, kwa hiyo msomaji ataniwia radhi nikipita haraka mbele ya sanamu na mahekalu kisha nikakaa kitako mbele ya mtaro. Nia yangu ilikuwa moja tu: kuuona mfereji ambao Warumi waliujenga kuyatoa maji katika mlima wa Zaghouan na kuyafikisha Karthago, mji wa kale ulio pwani karibu na Tunis, na kuufuata kwa mwelekeo uleule yaliokwenda maji yenyewe.

Siku ya kwanza, Jumapili 3 Novemba 2024: Unguja, Dar es Salaam, Cairo, Tunis

Sina la kusimulia kuhusu ndege, isipokuwa kwamba tulikaa Cairo saa saba na kahawa ya uwanja wa ndege ni ghali popote duniani. Mpwa wangu alinipokea kwa shikamoo kubwa iliyowafanya watu wageuke, akaninyang'anya begi, na tukapanga foleni ya kubadilisha fedha. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo usihangaike kuitafuta Dar es Salaam. Peleka dola au yuro, badilisha ukifika, na utunze risiti, kwa sababu utadaiwa risiti hiyo siku ya kuondoka ukitaka kurudisha zilizobaki. Kwa bei ya siku zile dinari 1 ilikuwa karibu na shilingi 860 za kwetu.

Usiku tulikula lablabi katika kibanda chenye meza tatu. Unapewa bakuli na mkate mkavu, unaumegamega mwenyewe, kisha mpishi anaumwagia dengu nzima zilizochemshwa pamoja na supu yake, bizari nyembamba, mafuta ya zeituni, pilipili ya harisa na yai. Tulilipa dinari 4 kila mmoja, nami nikalala nimeshiba kama mtu wa futari.

Siku ya pili, Jumatatu 4 Novemba: Dougga

Mpango wangu ulikuwa kuanzia Zaghouan, lakini mpwa wangu, aliyetaka tuanze na magofu ya mji wa kale wa Dougga, alisema, "Mjomba, kesho hali ya hewa ni nzuri upande wa magharibi. Dougga haitaki mvua." Tulitoka stendi ya Bab Saadoun saa moja na nusu asubuhi kwa louage, ambayo ni gari dogo la abiria wanane linaloondoka likijaa, haliangalii saa. Yenye mstari mwekundu ndiyo ya safari ndefu. Tulingoja abiria wa nane kwa dakika 50. Alipofika, mama mmoja mwenye kikapu cha mayai, gari zima lilimshangilia kama bibi harusi. Nauli hadi Téboursouk ilikuwa dinari 10.

Barabara hii inafuata bonde la mto Medjerda na kwa sehemu kubwa inakwenda jirani na njia ya kale ya Karthago hadi Theveste, mji ambao leo ni Tébessa nchini Algeria. Warumi waliisakafia kwa mawe mwaka 123, zama za Kaisari Hadrian, na waliofanya kazi hiyo ni askari wa Legioni ya 3 Augusta, kikosi cha jeshi la Kirumi. Ni zaidi ya kilomita 270. Ukitazama nje ya dirisha unaelewa sababu yake: mashamba ya ngano yanatandaa pande zote mbili, na ngano ile ililisha Roma. Tulipita Testour, mji uliojengwa na Waislamu waliofukuzwa Hispania, ambako saa ya mnara wa msikiti ina mishale inayozunguka kinyume. Dereva alipunguza mwendo kwa ajili yangu ili nipige picha bila kuombwa.

Kutoka Téboursouk tulikodi teksi kwa dinari 25, kwenda na kurudi, pamoja na saa tatu za kungojwa. Patana kabla hujafungua mlango. Kiingilio kilikuwa dinari 8.

Dougga imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Uko mlimani, umezungukwa na mizeituni, na siku ile tulikuwemo sisi, wazee wanne Wafaransa na kondoo wengi. Mji huu ulikuwa wa Wanumidia, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, kabla ya Warumi, na hilo linaonekana miguuni mwako, kwa sababu mitaa yake haikunyooka kwa rula kama miji ambayo Warumi waliianzisha wenyewe. Inapinda na kupanda kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Jukwaa la maonyesho la mwaka 168 linabeba watu 3,500 na bado linatumika. Hekalu la Kapitoli, la mwaka 166 au 167, linasimama kama jana. Niliyatazama yote hayo kwa heshima, kisha nikashuka kwenye bafu linaloitwa la Saiklopi, yaani jitu la jicho moja la hadithi za kale, ambako kuna choo cha watu kumi na wawili kilichojengwa kwa umbo la kwato ya farasi, benchi la mawe lenye matundu 12, chini yake mtaro, na mbele yake kijito kidogo cha maji safi. Nilipiga magoti kutazama mteremko wa mtaro huo mpaka mpwa wangu akaona haya kwa niaba yangu.

Chini kabisa ya mji kuna kaburi la mnara lenye urefu wa mita 21, la kabla ya Warumi. Mwaka 1842 balozi wa Uingereza, Thomas Reade, alilibomoa ili atoe jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, Kipuniki (lugha ya Karthago) na Kilibia cha kale, nalo lipo London hadi leo. Wafaransa walilijenga upya mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe hilo lilisaidia kuyafumbua maandishi ya kale ya Kilibia, hilo silikatai, lakini penseli na karatasi zilikuwepo mwaka 1842.

Siku ya tatu, Jumanne 5 Novemba: Zaghouan

Mvua ilianza alfajiri. Kutoka Tunis hadi Zaghouan si zaidi ya kilomita 60, nauli dinari 6, na kabla ya nusu ya safari nilipiga kelele ndani ya gari, kwa maana matao yalitokea upande wa barabara bila kutangazwa, moja baada ya jingine, yakaenda nasi kilomita nzima na kutoweka shambani. Dereva alicheka, akasema neno ambalo watu wa huko huyaitia: *hanaya*. Nilimwambia mpwa wangu kwamba tutarudi kesho kwa miguu.

Mlima Zaghouan una urefu wa mita 1,295, wa mawe ya chokaa yenye nyufa, na mvua inayoanguka juu yake huzama ndani na kutokea chini kama chemchemi. Inasimuliwa kwamba ukame ulidumu miaka mitano, kisha Hadrian alipotua Afrika mwaka 128 mvua ikanyesha; ujenzi wa mfereji unahusishwa na ziara hiyo. Afrika, msomaji akumbuke, lilikuwa jina la jimbo hili la Karthago kabla halijawa la bara letu zima.

Kutoka mjini tulipanda kilomita mbili hadi Hekalu la Maji, mahali mfereji unapoanzia. Hatukutozwa kitu. Ni ukuta wa nusu duara ulioegemea mlima, una vishubaka 12 vilivyokuwa na sanamu, na mbele yake liko birika la mawe ambalo ndani yake maji yalikusanywa kabla ya kuanza safari. Birika ni kavu sasa. Chemchemi zilielekezwa kwingine karne ya 19, wakati Sadiq Bey, mtawala wa Tunisia, alipomwajiri mhandisi Mfaransa, Pierre Colin, kuyarudisha maji ya Zaghouan jijini Tunis. Sehemu za mfereji wa Warumi zilizokuwa chini ya ardhi zilitumika tena, na palipokuwa na matao yaliyobomoka yakapitishwa mabomba. Sisi tuliokulia Unguja tunaijua hadithi ya namna hiyo, maana baadaye katika karne ileile Seyyid Barghash aliyatoa maji ya Chemchem na kuyaleta mjini. Nilikaa ukingoni mwa birika lile chini ya mwavuli kwa muda ambao mpwa wangu ameuandika katika daftari langu, bila kuniuliza, kuwa ni "saa 1 na dakika 20, BARIDI".

Tulilala Zaghouan katika nyumba ya wageni, dinari 70 chumba cha vitanda viwili. Maji ya moto hayakuwepo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliona aibu zaidi yetu. Alituletea ndoo ya maji aliyoyachemsha jikoni kwake, na baadaye chai yenye nanaa pamoja na kaak warka, visheti vya duara vya mji huo ambavyo ndani yake kuna lozi zilizosagwa zenye harufu ya waridi la porini. Alinisikia nikimwita mpwa wangu "mwanangu" na tangu hapo akaniita *ya hajj*, ingawa hijja bado sijaijaliwa. Nilipomsaidia kumimina chai nilichungulia ndani ya birika lake: kuta zake zilikuwa na ukoko mweupe, mgumu, wa unene wa ganda la yai. Ni chokaa ya mlima. Katika kazi yangu ukoko huo ni adui niliyemjua kwa miaka mingi, maana ndio unaoziba mabomba, na nilikwenda kulala nikijiuliza Warumi walifanya nini nao.

Siku ya nne, Jumatano 6 Novemba: Chini ya matao

Louage ilitushusha barabarani kwenye njia panda ya Oudna, na kuanzia hapo tulitembea. Mvua ilikuwa imekatika lakini udongo wa mashambani ulikuwa mzito, kila kiatu kikibeba kilo yake. Atakayekwenda baada yetu achukue viatu vya kufunga, maji ya kunywa na chakula, kwa sababu hakuna duka. Asipande juu ya matao, kwani mawe mengine yamelegea. Na akiona shamba lina mwenyewe, asalimie kwanza.

Kwa mbali mtu hudhani kwamba matao ndiyo kazi yenyewe. Kutoka Zaghouan hadi Karthago ni kama kilomita 53 kwa mstari ulionyooka, lakini mfereji una kilomita 90 hivi, na ukijumlisha tawi la Djouggar lililoongezwa baadaye unafika 132. Hizo za ziada zote ni kuzunguka vilima ili kuutunza mteremko, kwa sababu maji yakishuka kwa kasi yatakula sakafu, na yakienda polepole mno yatalala na kuacha tope. Sehemu kubwa ya njia imefukiwa ardhini au inakwenda juu ya uso wake, haionekani na mpiga picha. Matao yalijengwa pale tu ardhi ilipoinama chini ya kiwango, kama kwenye bonde la mto Miliane, ambako mengine yanafika mita 20.

Tukiyapita moja moja tuliona kwamba hayafanani. Nguzo za Warumi ni za mawe yaliyochongwa na kupangwa. Nyingine ni za udongo na chokaa vilivyoshindiliwa katika mbao, na matundu ya mbao hizo bado yapo. Hayo ni matengenezo. Mwaka 533 Gelimer, mfalme wa Wavandali waliokuwa wameitawala Karthago, aliukata mfereji alipojaribu kuubana mji huo uliokuwa umetekwa na Belisarius, jemadari wa Wabizanti (Warumi wa Mashariki), nao Wabizanti wakauziba. Katika karne ya 13 Sultani al-Mustansir wa ukoo wa Hafsi aliutengeneza tena kwa ajili ya bustani zake na jiji la Tunis. Ukiwa na jicho la fundi unasoma karne zote hizo katika nguzo tano zilizofuatana, kama viraka vya kanga.

Mahali pamoja tao limeanguka na mfereji umelala shambani umepasuka, kiasi kwamba niliweza kuingiza mkono ndani bila kupanda popote. Ndani una upana wa karibu mita moja, na kimo cha kumtosha mtu kupita akiinama kidogo, maana ilibidi mafundi waingie kusafisha. Kuta zimepigwa lipu ya rangi ya waridi: chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, ambayo haipitishi maji. Waashi wetu wa pwani, waliochoma matumbawe kupata chokaa na kuipiga lipu kuta za birika na visima, wangeitambua kazi hiyo kwa kuigusa tu. Na juu ya lipu, hadi kimo cha paja langu, kulikuwa na ukoko mweupe. Niliukwangua kwa ukucha. Una tabaka nyembamba nyembamba, moja juu ya nyingine, nyingine nyeupe na nyingine za kijivu. Nilimwita mpwa wangu, nikamwambia atazame, hili ndilo birika la yule mama. Alitazama, akasema, "Ni kweli, mjomba," kisha akauliza kama tunaweza kula.

Chakula kilipatikana kabla hatujafungua mkoba. Ulikuwa msimu wa kuvuna zeituni, na familia moja ilikuwa imetandika nyavu chini ya miti kivulini mwa matao, wanaume wamepanda ngazi wakichana matawi kwa vitana vya plastiki, wanawake wakiokota majani. Walituita kwa mikono. Tulikaa juu ya gunia, tukapewa mkate wa tabuna uliotoka kwenye tanuri la udongo, bakuli la mafuta mapya ya kijani yaliyowasha koo kama pilipili, samaki jodari wa kopo na vitunguu. Waliposikia Tanzania, kijana wa ngazini alitaja Simba papo hapo, kwa kuwa timu ya Sfax ilikuwa imepangwa nayo kundi moja katika Kombe la Shirikisho, na kwa robo saa Warumi walisahauliwa. Walikataa fedha. Tulivuna nao kwa saa moja hivi, kazi ambayo ilimshinda mpwa wangu mapema kuliko mimi, na tulipoaga mzee wao alinijazia chupa ya lita moja na nusu.

Oudna yenyewe, mji wa kale wa Uthina wenye uwanja wake wa michezo, tulifika ukikaribia kufungwa. Tuliuzunguka haraka. Kurudi Tunis kulitupa taabu, louage zote zikipita zimejaa, mpaka dereva wa lori la mchanga alipotubeba mbele hadi ukingoni mwa jiji na kukataa hata shukrani za chai.

Siku ya tano, Alhamisi 7 Novemba: Karthago

Treni ya TGM inatoka Tunis Marine na nauli haikufika hata dinari 2. Shuka Carthage Hannibal. Tiketi moja, ambayo siku ile ilikuwa dinari 12, inaingiza mtu katika magofu kadhaa kwa siku hiyohiyo, kwa hiyo anza mapema, na usiitupe, kwani inaangaliwa kila lango. Magofu yametawanyika katikati ya nyumba za watu wenye nafasi zao, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa miguu.

Karthago ya kale, ile ya jemadari Hannibal, ilichomwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, na tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ile waliyoijenga wao baadaye juu yake. Mimi nilikwenda kwanza La Malga, na tulikuwa peke yetu. Huko ndiko maji ya Zaghouan yalikoishia: matangi marefu ya mawe yaliyolala bega kwa bega, mapaa yake ya kuba mengine yameanguka na kuota majani, mbuzi mmoja amefungwa kamba mlangoni pa mojawapo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mfereji uliweza kuleta mita za ujazo 32,000 kwa siku, karibu lita 370 kila sekunde. Niliipiga tena hesabu hiyo katika daftari, nikiwa nimekaa juu ya ukuta, nikaona inakubaliana. Nimewahi kusimamia pampu nne za umeme zilizotoa chini ya hapo, na kila mwezi moja ilikuwa gereji.

Kisha tukashuka baharini kwenye Bafu za Antoninus, zilizokamilika kama mwaka 162, kubwa kuliko bafu zote za Kirumi barani Afrika. Wageni wengi wanadhani wanatembea katika vyumba vya kuogea. La, wako chini yake. Bahari iko hatua chache, ukichimba unakutana na maji, kwa hiyo vyumba vya tanuri, kuni na mitaro vilijengwa juu ya ardhi, na kumbi za waogaji zikawekwa ghorofani, ambazo zimekwisha kuanguka. Nguzo moja ya ukumbi wa maji baridi imesimamishwa tena ili mtu akisie kimo chake. Ikulu ya rais iko jirani. Usielekeze kamera upande huo, askari watakukumbusha kwa adabu lakini watakukumbusha.

Tulikaa pale hadi jua lilipoanza kuinama. Nilitafuta tundu la kutolea maji machafu kuelekea baharini na sikuridhika na lolote kati ya yale matatu niliyoyaona.

Siku ya sita, Ijumaa 8 Novemba: Kurudi

Baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti wa Zaytuna tulinunua harisa na kahawa, nikarudisha dinari 46 kwa risiti ya siku ya kwanza, bila matatizo. Gharama zangu za ndani ya nchi, ukiondoa ndege na usiku nilizolala kwa mpwa wangu, zilifika dinari 390 kwa siku zote. Chupa ya mafuta niliifunga kwa mifuko mitatu na taulo, nikaiweka katikati ya begi kubwa, maana mkononi hairuhusiwi. Ilifika Unguja haijadondosha tone. Mke wangu aliyaonja kwa mkate wa ufuta, akakohoa, akauliza kama yameharibika, nami nikamweleza kwamba mafuta mapya ndivyo yanavyowasha; sasa chupa imebaki robo na anaifungia kabatini.